Ndoa Kumi na Moja Chini ya Maji

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Sahla alikuwa akipunguza picha ya mteja ili mtandao wa serikali uikubali. Picha ilikuwa kubwa mno, kisha ikawa ndogo mno, kisha mtandao ukasema masikio hayaonekani. Mteja, mama muuza nazi aitwaye Hope, alisogeza kitambaa chake nyuma ya masikio na kukaa tena mbele ya shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Saiba anayofanyia kazi Sahla ipo nyuma ya soko la zamani la Malindi. Ina kompyuta nne, nzima ni moja, na watu huingia na maisha yao ndani ya bahasha za kaki zilizolainika kwa jasho.

Kwenye benchi la kusubiri walikuwapo watu watatu. Wa kwanza alitaka cheti cha tabia njema. Wa pili alitaka kujua kama kitambulisho alichokiomba mwaka juzi kimetoka. Wa tatu alikuwa babake Sahla, Mzee Athman, aliyezikwa Mambrui miaka minne iliyopita.

"Shikamoo, Baba," Sahla akasema, macho yakiwa bado kwenye masikio ya Hope.

"Marahaba, mwanangu. Wamalize wenzangu kwanza. Wamenitangulia."

Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, kwa kuwa sanda hakuiona kuwa nguo ya kuingilia mjini. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la njia nzima, maana alikuja kwa miguu, akavuka daraja la Sabaki pamoja na watoto wa shule. Hope alimgeuzia feni iliyokuwa ikimpepea yeye.

"Habari za huko, mzee?"

"Kimya," akasema Mzee Athman. "Lakini majirani ni wazuri."

Zamu yake ilipofika alihamia kwenye kiti, akatazama skrini, akaitazama mikono ya bintiye juu ya herufi. Alipokufa, Sahla alikuwa bado akiandika kwa vidole viwili.

"Nimesikia kuna barua," akasema.

Sahla akaitoa kwenye pochi.

Barua ilifika Alhamisi iliyotangulia, na ilimhusu mumewe. Swafwan ni mzaliwa wa Tanga. Aliingia Malindi miaka kumi na moja iliyopita na sanduku la spana, akatengeneza mashine ya barafu ya wachuuzi wa samaki iliyowashinda mafundi watatu, na hakuondoka tena, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hula friji bila kupumzika. Miaka tisa iliyopita alimwoa Sahla, nyumbani kwao Mambrui. Wana binti wa miaka sita, Afiya. Muda wote huo, kila muhuri wake wa mgeni ulipokaribia kwisha, Swafwan alipanda basi hadi Lunga Lunga, akavuka mpaka, akanywa chai upande wa pili, akarudi na muhuri mwingine. Mwaka huu afisa mmoja aliihesabu mihuri, akauliza ni mgeni gani huyu anayetembelea watu miaka kumi na moja.

Ofisi iliyoandika barua ina jina refu, lakini watu huiita ofisi ya wageni. Ilimpa Swafwan siku kumi na nne: athibitishe kuwa ameoa raia, au aondoke nchini. Cheti cha ndoa hakikuonekana katika daftari lolote. Kama cheti hakuna, barua ilisema, basi baba aliyemwoza binti, mwalimu aliyefungisha ndoa na mashahidi wawili wafike wenyewe bila kukosa, Jumatano saa tatu asubuhi.

Sahla aliisoma barua hiyo kwa sauti kibarazani kwa mamake. Nyumba ya mamake imepakana na makaburi, ukuta wenyewe wafika kiunoni, na pale jambo likisomwa upande mmoja husikika upande wa pili.

"Ndiyo nikaja," akasema Mzee Athman. "Imesema wenyewe."

Cheti hakikuwapo kwa sababu ifuatayo. Mambrui watu huoana mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, harusi juu ya harusi, hata wapishi wa biriani hugombaniwa. Mwalimu Muzammil ndiye aliyekuwa akizifungisha ndoa hizo. Aliziandika kwenye kitabu chenye jalada la kijani, kila ndoa na ukurasa wake, kwa herufi za Kiarabu, na kila ukurasa aliuanza kwa Bismillahi. Hakuona sababu ya kupeleka ndoa moja moja mjini. Kila mwaka alingoja mwezi uishe, ndipo azipeleke zote pamoja zikaandikishwe. Mwaka ule alifariki tarehe ishirini na saba Shaaban, akiwa na ndoa kumi na moja kitabuni.

Watu wa mtaa walipokisafisha chumba chake kwa ajili ya Ramadhani, walikusanya karatasi zote chakavu zilizokuwa na jina la Mungu, kama wafanyavyo siku zote. Karatasi kama hizo hazitupwi jaani. Hufungwa kwa kitambaa safi, hutiwa jiwe, hupelekwa nje ya miamba na kutoswa kwa heshima. Waliokifunua kitabu cha kijani waliona Bismillahi, wakauona mwandiko wa marehemu, wakalia kidogo, wakakifunga pamoja na kurasa za misahafu. Ndoa kumi na moja zikazama.

Kumi kati ya hizo ni za raia kwa raia. Mpaka leo hakuna aliyewauliza wenyewe karatasi. Wanaishi, wanagombana, wanapatana. Ni ile ya kumi na moja tu iliyotakiwa ijitetee.

Na mambo haya hayakuanza jana. Babu zetu walivishwa kipande, kitambulisho cha mkoloni, shingoni ndani ya kikopo cha bati, na tangu siku hizo asiye na kipande ni kama hana shingo. Shangazi yake Sahla aliolewa na Mngazija mwaka 1983. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mwanamume kumpa mkewe uraia, mwanamke haikumruhusu kumpa mumewe, kwa hiyo alizeeka akimpeleka yule bwana ofisini mwaka hadi mwaka kama mtoto wa chanjo. Katiba ilipobadilika mwaka 2010, yule bwana alikuwa ameshakufa. Alizikwa Mambrui pasipo shida yoyote.

Alasiri hiyo Mzee Athman alifuatana na bintiye hadi nyumbani kwake Shela, katika mji wa kale wa Malindi. Swafwan alikuwa barazani, amepiga magoti nyuma ya friji ya jirani. Alifuta mikono kwa kitambaa akamwamkia mkwewe.

"Shikamoo, Baba. Umekonda."

"Huko hakuna mahamri."

"Basi karibu ndani. Yamebaki ya asubuhi."

Afiya alikuwa na miaka miwili babu yake alipofariki, kwa hiyo walianza kujuana upya. Alimtazama akila, aone kama chakula kinafika mahali. Kisha akamuuliza analalaje.

"Kwa ubavu wa kulia. Naelekea kibla."

"Mimi nalala kwa tumbo."

"Endelea hivyo hivyo," akasema babu. "Huo ubavu hauna haraka."

Swafwan aliteremsha birika, akammiminia mkwewe chai. "Tumekusumbua, Baba," akasema. "Mtu ameshapumzika."

"Nilikushika mkono mbele ya watu," Mzee Athman akamjibu. "Nikiulizwa, nitasema."

Jumatano, saa tatu kasoro dakika kumi, walikuwa kwenye ngazi za ofisi ya wageni: Sahla, Swafwan, Mzee Athman, Mwalimu Muzammil na Lali. Lali alikuwa shahidi wa kwanza wa ndoa. Aligongwa na lori la chumvi kwenye njia ya Marereni mwaka juzi, na alikuja na jezi ya timu yake. Shahidi wa pili, ami yake Sahla, yuko hai. Huyo hakuja. Alituma ujumbe kwamba goti linamuuma. Ukweli ni kwamba kitambulisho chake amekaa nacho miaka arobaini, na hakutaka ofisi yoyote ipate sababu ya kukitazama mara ya pili.

Mlangoni alikaa askari aitwaye Musyoka na daftari la kuandikia wanaoingia.

"Wazee, vitambulisho."

"Hatuna," akasema Lali. "Sisi ni marehemu."

Musyoka aliwatazama viatu, akawahurumia kwa vumbi. "Mamangu huja kule kwetu msimu wa kupalilia," akasema. "Yeye pia hana. Andikeni majina tu. Hapo pa nambari pigeni mstari."

Juu palikuwa na madirisha mawili. Dirisha la wawekezaji lilikuwa na viti vya mito na mtu mmoja, mzee wa Kizungu mwenye jumba ufukweni, aliyeingia nchini kwa likizo ya wiki mbili mwaka ambao Sahla alikuwa hajazaliwa. Alikuja na mbwa wake. Mbwa alikuwa na pasi ya samawati yenye picha, masikio yote mawili yakionekana. Walihudumiwa dakika kumi, wakaaga kwa adabu, wakashuka. Dirisha la pili ndilo la watu wengine, na foleni yake ilifika kwenye ngazi.

Saa sita na robo wakamfikia karani. Aliitwa Nyakio. Alikuwa ameletwa kutoka bara miaka sita iliyopita, na joto alikuwa bado hajalizoea.

"Vitambulisho," akasema. "Halisi, na kopi moja moja."

"Changu kilichukuliwa," akasema Mzee Athman.

"Kilichukuliwa na nani, mzee?"

"Na chifu, nilipokufa. Kibali cha mazishi hakitoki mpaka kitambulisho kirudi serikalini."

"Na changu hivyo hivyo," akasema Lali.

"Changu kilikuwa kimefutika sura," akasema Mwalimu Muzammil, "nao wakakichukua vivyo hivyo."

Nyakio aliandika nambari ya Mzee Athman, ambayo Mzee Athman aliikumbuka kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Akaisoma skrini.

"Hii nambari imefungwa, mzee."

"Najua, mama. Nilikuwapo ilipofungwa."

"Kwa sasa mnaishi wapi?"

"Mambrui, makaburini. Mimi mwaka wa nne. Mwalimu wa tisa. Huyu kijana wa pili."

"Mna kibali cha kuishi hapo?"

"Tuna vibali vya mazishi."

Nyakio akaomba kukiona kimoja. Sahla alikuwa na kopi ya kile cha babake, kwa kuwa mtu anayefanya kazi saiba hatupi karatasi. Nyakio aliisoma mbele na nyuma.

"Hiki hakina tarehe ya kwisha," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye kazi yake ni kugonga tarehe za kwisha.

Swafwan naye akaiomba aisome. Akaishika kwa muda, kisha akairudisha ndani ya bahasha na kuulainisha mkunjo kwa kidole.

Nyakio hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akawapeleka kwa mkubwa wake, Bwana Mwenda, aliyekuwa na meza pana na feni ya peke yake. Bwana Mwenda aliwasikiliza wote hadi mwisho, akafungua kabrasha la mwongozo, akapitisha kidole.

"Sheria haisemi kitu kuhusu kufa," akasema. "Ingesema, ningeifuata. Inasema kitambulisho. Hawa wazee inabidi waombe vipya. Watahitaji vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na wazee wa mtaa wa kuwathibitisha."

"Wazee walionijua tuko nao huko huko," akasema Mzee Athman.

Akiwa hai aliwahi kuulizwa mambo hayo mara tatu, babu yake ni nani na amezikwa wapi, kwa kuwa jina lake waliona linatoka mbali. Msikiti waliousimamisha wazee wake una umri mkubwa kuliko ile ofisi, na kuliko hiyo nchi yenyewe. Lakini hakulisema hilo. Alilisema mara tatu akiwa hai.

Bwana Mwenda alikuwa mtu wa huruma, na huruma yake ilikuwa na fomu. Aliitoa kwenye droo, akaigeuza iwaelekee Sahla na Swafwan.

"Nawaambia hii kama ndugu," akasema. "Jazeni hapa kwamba mmekuwa mkiishi pamoja bila ndoa. Kesho mnafunga ndoa, mnapata cheti chenye tarehe ya kesho. Nami nalipokea ombi lake akiwa hapa hapa. Haondoki."

Kila mtu mle chumbani, wazima na marehemu, alikuwa anafanya hesabu ile ile. Ndoa ikianza kesho, Afiya alizaliwa kabla ya ndoa. Karatasi ingemtoa kwa babake, katika jina na katika mirathi, na siku moja, mbele ya posa yake mwenyewe, mtu angeifunua na kuisoma kwa sauti.

Sahla akashika kalamu. Anajua fomu kuliko watu wengi wa Malindi, na alijua pia kitanda kilivyo siku mumewe akichelewa kurudi kutoka kwenye friji za Watamu. Akaandika jina lake la kwanza.

"Ndoa ilikuwapo," akasema Mwalimu Muzammil, akiwa amesimama kando ya kabati. "Niliifunga mimi."

Swafwan akamtoa mkewe kalamu vidoleni taratibu, akairudishia kifuniko chake.

"Acha, Mama Afiya."

"Utaondoka wewe."

"Nitaondoka. Nikirudi nimkute mwanangu ni mwanangu."

"Ni karatasi tu, Swafwan."

"Na mimi naondoshwa na nini?"

Bwana Mwenda akairudisha fomu kwenye droo. Aliwaandikia hao marehemu kwamba walifika wakiwa hawana vitambulisho, akawataka wasirudi mpaka wawe navyo.

Mwalimu Muzammil kosa alilihesabu kuwa lake. Jumamosi, maji yakiwa yamekupwa, alivua viatu vyake pwani ya Mambrui, akaviweka sambamba, akaingia baharini. Maji yalimpita magoti, yakampita kifua, yakampita kofia. Wanawake waliokuwa wakiwinda pweza miambani walimwonyesha kwa fimbo zao pale watu wanapotosea karatasi: ukishapita mkondo, mkono wa kushoto. Kwa kuwa hakuwa na haja ya pumzi, hakuharakisha. Alitoka Jumatatu, kitabu cha kijani kwapani na kaa mdogo ndani ya kofia, akamtoa kaa, akaelekea moja kwa moja Malindi.

Alipanda ngazi za ofisi akichuruzika. Musyoka akamfuata nyuma na tambara. Sahla alikuwa ameshaitwa kwa simu, akafika na mikono bado ina wino. Nyakio alizianika zile kurasa dirishani, akazikandamiza kwa mihuri ili zisipeperuke. Saa tisa zilikuwa zimekauka. Bismillahi zote kumi na moja zilikuwapo, nyeusi kama siku zilipoandikwa. Chini yake hapakuwa na kitu. Chumvi ilikuwa imekula majina.

"Hii inaonyesha mlianza vizuri," akasema Nyakio, na hakuwa akifanya mzaha.

Akazitoa kopi kurasa zote kumi na moja, akazigonga muhuri wa kupokelewa, akazitia kwenye faili. "Nimeweka," akamwambia Sahla. "Siku moja pengine mtu atauliza."

Mwalimu Muzammil aligeuza kurasa kwa ncha ya kidole hadi ya nane. "Wenu ndio huu. Mkono ulinitetemeka hapa kwenye herufi ya mim, nilikuwa na homa ikianza." Sahla akaipapasa ile sehemu tupu chini ya maandishi. Ilikuwa na ukakasi wa chumvi.

Siku zilizobaki Swafwan alizitumia kutengeneza friji zote za mtaa, pamoja na zile ambazo hazikuwa mbovu. Afiya alikaa kando yake akishika skrubu kwenye kiganja kilichokunjwa. Kwa friji ya nyumbani alimwita Sahla aweke sikio.

"Ikikoroma hivi, iache. Ikinyamaza sana ndipo uite fundi."

"Fundi gani?"

"Yeyote. Lakini mwambie asiguse waya wa kijani. Huo nimeufunga kwa njia yangu."

Alhamisi ya siku ya kumi na nne walikuja kumchukua watu wawili na gari. Walifika wakati wa chai, kwa hiyo wakakaribishwa mahamri na mbaazi, na mmoja akaomba kuongezewa. Swafwan alichukua begi moja. Sanduku la spana alilisukuma chini ya kitanda.

"Si utazihitaji kule?" Sahla akauliza.

"Nazihitaji hapa."

Sahla hakulia mbele ya wale watu. Alimfunga mumewe kifungo cha juu cha shati, ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Afiya alipewa begi alishike kidogo ili aone lilivyo jepesi, akasema ni jepesi kweli, na akakataa kulirudisha mpaka babake alipochuchumaa wakazungumza sikioni.

Mzee Athman akaingia kwenye gari, akakaa nyuma, katikati.

"Wewe mzee unaenda wapi?" akauliza aliyekuwa na karatasi.

"Nampeleka mkwe wangu."

Yule mtu akaitazama karatasi. "Hapa nimeandikiwa mtu mmoja."

"Ni mmoja," Mzee Athman akakubaliana naye.

Wakaondoka. Lunga Lunga Swafwan alipigwa muhuri unaomkataza kurudi, na jina lake likaingizwa kwenye orodha. Mzee Athman hakuulizwa chochote. Akiwa hai alitaka sana kwenda Tanga kwenye harusi ya mpwawe, lakini pasi yake ilikwama mahali, na harusi ikapita, na huyo mpwa akazaa watoto wanne. Sasa alivuka kwa miguu, mikono nyuma, akitazama maduka. Alikaa Tanga siku tatu. Aliwaamkia wazee wake Swafwan, kisha akaenda kuwaamkia marehemu wa kule, na wengi wao wakatokea kuwa jamaa.

Tangu hapo huenda na kurudi. Sahla amekwenda peke yake mara mbili, na mara zote mbili akarudi siku iliyoandikwa kwenye pasi. Afiya hajaenda, kwa kuwa hati ya safari ya mtoto hutaka baba na mama wafike wenyewe, na mmoja wa wenyewe haruhusiwi kufika. Watu humuuliza Sahla kwa nini asihamie huko. Mamake ni mzee, na hilo ndilo jibu la kwanza. La pili alimpa Swafwan, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za kwao Tanga wakila machungwa.

"Nikihamia huku, mgeni nitakuwa mimi. Na huku pia lazima kuna dirisha la pili."

Kwa simu huzungumza kila siku. Mzee Athman hubeba kile ambacho simu haibebi: mahamri yanayofika bado moto, shati la kushonwa kwapa, mkebe wa pilipili ya kusaga. Maneno huyachagua. "Mengine ni ya mtu na mumewe," alimwambia bintiye mara moja, akimrudishia kikaratasi. "Mimi ni babako. Huyu mpigie."

Juma lililopita ofisi ilijibu rufaa aliyoipeleka Sahla baada ya mumewe kuondoshwa. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema waombaji hawajaishi nyumba moja kwa miezi kumi na moja, jambo linalotia shaka kama ndoa yao ni ya kweli, na kwa sababu hiyo ombi limekataliwa. Sahla aliisoma saiba, mara mbili, kama anavyozisoma za wateja, akitafuta nafasi iliyoachwa wazi kwa makosa. Hakuiona. Akaitia kwenye bahasha, akamwita aliyefuata kwenye benchi.

Ijumaa asubuhi Mzee Athman alipita nyumbani kuchukua mzigo. Swafwan alikuwa amepata fundi cherehani mzuri na alitaka kumshonea bintiye nguo ya Idi. Alihitaji urefu wake. Namba hakuitaka, alitaka kitu cha kushika. Kwa hiyo Sahla alimsimamisha Afiya kwenye fremu ya mlango, akateremsha uzi mweupe kutoka utosini hadi sakafuni. Uzi ukawa mrefu kuliko alivyotarajia. Akachungulia chini.

"Shusha visigino."

"Nimeshusha."

"Afiya."

"Nataka Baba aone nimekua."

"Nguo itakuwa kubwa," akasema babu yake. "Utajikwaa nayo."

Mtoto akafikiri, bado yuko juu ya vidole, miguu ikimtetemeka kidogo.

"Akimaliza kushona nitakuwa nimeshafika," akasema.

Sahla akamtazama babake. Mzee Athman alikuwa anatazama barabarani, kama mtu ambaye hajaulizwa. Basi Sahla akaukata uzi pale pale ulipofika. Babake akauzungusha kwenye vidole viwili, akautia mfukoni mwa kanzu, akashika njia ya Tanga kabla jua halijawa kali.